Waka Waka ni wimbo wa nani hasa?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro, nalifupisha: "Shikamoo mtaalamu. Hapa kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa. Mmoja anasema Waka Waka ya Shakira ni Kiswahili, waka kama moto unavyowaka. Mwingine anasema ule wimbo kauiba kwa Wakameruni na hakuwalipa hata senti. Mimi nikauliza, mbona tangu 2010 hatujapata tena wimbo wa Kombe la Dunia wa namna ile? Tumewekeana kreti ya soda, tuamulie."

Marahaba mdogo wangu, na hao wa kijiweni wasalimie. Nianze na huyo wa Kiswahili maana yake ni nyepesi, nimwondoe mapema: hapana, sio Kiswahili. Najua inauma, mwaka ule 2010 watu wazima na akili zao walinishika shati wakaniambia "si unasikia, waka, waka kama moto", na kweli ukisikiliza kwa sikio la Kiswahili linaingia kabisa, ni kama kitu ambacho mtangazaji wa mpira angekisema dakika ya 90. Lakini hilo waka ni la Kipijini, kile Kiingereza cha mtaani cha Kameruni na Nigeria, na linatoka kwenye neno la Kiingereza la kutembea. Waka waka ni tembea tembea, piga mguu, songa mbele. Hayo maneno mengine ya korasi, zamina mina na zangalewa, asili yake ni Kifang, lugha ya watu wa kusini mwa Kameruni, Gabon na Guinea ya Ikweta. Zangalewa kwa maelezo yanayokubalika na wengi ni swali: nani kakuita? Yaani nani alikutuma uje huku. Lishike hilo swali, wimbo mzima umesimama juu yake.

Sasa twende Kameruni 1986. Kulikuwa na kundi linaitwa Golden Sounds, na hawa walikuwa askari kabisa, watu wa kikosi cha ulinzi wa rais, kina Jean Paul Zé Bella, Guy Dooh, Luc Eyebe na Emile Kojidie. Wakatoa wimbo unaitwa Zangaléwa. Jukwaani walikuwa wanatokea na sare na zile kofia ngumu za enzi za mkoloni, wamejaza mito tumboni na makalioni, wanatembea kama bosi aliyeshiba ugali wa watu wengine. Kichekesho kitupu, ila kina meno ndani, maana hujui hasa anachekwa nani, mzungu aliyekuwa anatoa amri au Mwafrika aliyekuwa anazipokea.

Na ile korasi wala hawakuitunga kutoka sifuri. Ilikuwa ya kambini, wimbo wa kutembelea, na habari zake zinarudi nyuma mpaka kwa wale askari Waafrika waliopigana upande wa Wafaransa Vita Kuu ya Pili. Kuruta analalamika, njaa, miguu imechubuka, mvua, wenzake wanamrushia swali, kwani nani kakuita? Ukisoma Tanzania ukakimbia mchakamchaka asubuhi na baridi yake, hili huhitaji kuelezewa mara mbili. Mmoja anatupa, kundi linarudisha, mguu unashika biti, na maneno hata yakiwa hayana kichwa wala miguu hakuna anayejali, kazi yake ni kukufanya usihisi kilometa. Na sisi tuna ndugu yake kabisa wa damu. Babu zetu waliokuwa Keya, ile King's African Rifles ya Mwingereza, walikuwa na wimbo wa funga safari, anaitikia mtu "amri ya nani?", jibu ni amri ya bwana kapteni, amri ya Keya. Umeona? Upande ule wanauliza nani kakuita, upande huu wanauliza amri ya nani. Mfaransa na Mwingereza kila mmoja na jeshi lake, na askari wa Kiafrika wa pande zote mbili wakaishia kuimba swali lile lile. Mimi hii kitu kila nikiifikiria nywele zinasimama.

Zangaléwa ikavuma vibaya mno, mpaka kundi lenyewe likaacha jina lake likaanza kuitwa Zangalewa. Ikatoka Kameruni ikasambaa Afrika, watoto wa shule na maskauti wakaichukua bila kujua imetoka wapi, alafu ikavuka bahari. Na hapa ndo stori inanoga.

Pwani ya Kolombia, miji ya Cartagena na Barranquilla, kuna utamaduni wanauita picó, ni madude ya spika makubwa kama ukuta wa nyumba, yamechorwa rangi kali, yanapigwa mtaani watu wanacheza hadi kunakucha. Kwa miaka mingi madijei wa kule walikuwa wanagombania santuri za Afrika zilizokuwa zinafika bandarini, soukous ya Kongo, highlife ya Ghana, makossa ya Kameruni, na dijei akiipata ambayo mwenzake hana alikuwa anabandua lebo kabisa ili asijulikane ni nani kaimba. Wakongo tunaowajua sisi, Mbilia Bel na wenzake, kule ni wakubwa kuliko unavyodhani. Zangaléwa ikatua humo, wakaipa jina lao, El Militar, Mwanajeshi. Na kabla hata ya Shakira, kundi la kinadada wa Jamhuri ya Dominika, Las Chicas del Can, walishaichukua ile korasi wakaifanya merengue, muziki wa kucheza wa kwao, hiyo ni miaka ya 80 hiyo hiyo.

Shakira kazaliwa wapi? Barranquilla, 1977. Kwa hiyo akina sisi tunaosema "Mkolombia na Afrika wapi na wapi" tunasahau kwamba mji wake umelelewa na muziki wa Afrika, sehemu yake kubwa umepita kwenye hizo spika za mtaani. Hilo halimtoi kwenye hatia kama hatia ipo, ila linaeleza kwa nini korasi ya makambi ya Kameruni imeishia mdomoni mwake na sio kwa mtu wa Norway.

Haya, wizi. Hapa nataka twende taratibu kidogo maana ndo penye kreti ya soda.

Wimbo mmoja una haki mbili, na watu wengi hata wasanii wenyewe wanazichanganya. Kuna haki ya utunzi, yaani melodi na maneno, na kuna haki ya rekodi yenyewe, ile wanaita masta. Mtu akikata kipande cha sauti ya rekodi yako akakibandika kwenye biti yake, kagusa zote mbili. Akiimba upya melodi yako kwa sauti yake mwenyewe kagusa utunzi tu. Shakira na prodyuza wake John Hill waliimba upya, kwa hiyo tunaongelea utunzi. Na utunzi kwenye Waka Waka ukiangalia orodha ya watunzi leo utakuta Shakira, John Hill, alafu utakuta Emile Kojidie, Jean Paul Zé Bella na Dooh Belley. Wakameruni wamo kwa majina yao. Malipo yalimalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama na kiasi hakikutangazwa. Kwa hiyo anayesema "hawakulipwa hata senti" ameshindwa, na anayesema "kila kitu kilikuwa safi" naye asicheke sana, maana wimbo ulipotoka 2010 dunia nzima iliupokea kama wimbo wa Shakira, na Wakameruni ndio waliolazimika kupaza sauti, jamani huo ni wetu, watu wakaanza kuweka klipu za Golden Sounds mtandaoni pembeni ya ile mpya ndipo habari ikajulikana. Nilichojifunza kwenye kazi hii ni kwamba kuna kuombwa kabla na kuna kulipwa baada, na hata pesa ikiwa ile ile sio kitu kimoja. Ukiombwa kabla unakaa mezani, unataja asilimia, unaweza hata kusema hapana. Ukilipwa baada, gari limeshaondoka, wewe unapewa nauli.

Na usisahau upande wa pili, Golden Sounds nao waliichukua ile korasi kambini, kwa watu ambao majina yao hayapo kwenye karatasi yoyote. Sheria haina pa kuwaweka askari waliokufa wakiimba. Mwenye jina la kwanza kwenye karatasi ndo mwenye wimbo. Hata sisi huku pwani na bara zipo nyimbo kibao za ngoma na za harusi ambazo mjanja mmoja kaziingiza studio akaandikisha jina lake, kesho anadai wengine wamemuibia.

Kameruni hii sio mara ya kwanza, na hii ya kwanza wapelekee kijiweni maana najua hawaijui. Mwaka 1972 Kameruni iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Manu Dibango, mpuliza saksafoni, akapewa kazi ya kutunga wimbo wa mashindano. Akautunga, wakautia kwenye santuri upande A. Sasa santuri ina pande mbili na upande B hauwezi kukaa mtupu, akaweka kitu chake alichokuwa anachezea chezea, anagugumiza neno makossa, mamako mamasa, vile. Kombe likachezwa, Kameruni wakafungwa nusu fainali na Kongo Brazzaville 1-0, Wakongo hao hao wakalichukua, na wimbo wa mashindano ukafa siku ile ile. Upande B ukafika New York, madijei wa klabu wakaung'ang'ania, ukawa Soul Makossa, moja ya nyimbo za Kiafrika zilizopigwa zaidi duniani. Miaka 10 baadaye Michael Jackson anamalizia wimbo wa kwanza wa albamu ya Thriller kwa ile ile mamase mamasa. Manu akadai, wakamalizana nje ya mahakama. 2007 Rihanna naye akaja na kipande hicho hicho, ikaanza kesi nyingine. Kwa hiyo ukihesabu, vibwagizo viwili vya Kiafrika ambavyo dunia nzima inavijua bila kujua maana yake, vyote vimetoka Kameruni, vyote vina mpira pembeni yake, na vyote viliishia kwa mawakili.

Sasa swali lako wewe, kwa nini hatujapata tena.

Kwanza tofautisha, maana 2010 kulikuwa na nyimbo tatu na watu wanazichanganya. Waka Waka ilikuwa wimbo rasmi. Kulikuwa na "anthem" rasmi, Sign of a Victory ya R. Kelly na Soweto Spiritual Singers, nani anaikumbuka? Na kulikuwa na Wavin' Flag ya K'naan, yule kaka wa Mogadishu aliyekulia Kanada, ambayo wengi wanaapa ilikuwa ya FIFA kumbe ilikuwa ya Coca-Cola, mdhamini. Tena ile Wavin' Flag ya mwanzo ilikuwa na maneno ya vita na umaskini na ukimbizi, kwa ajili ya soda wakaisafisha ikabaki sherehe, K'naan mwenyewe baadaye aliandika kwa uchungu jinsi mtu anavyojipunguza ili auze. Mimi binafsi kama wimbo naipenda kuliko Waka Waka, ila kama wimbo wa mashindano haifiki, na sababu ni ya kiufundi.

Angalia. Waka Waka ina makodi manne tu, ya gitaa hayo sio ya TRA, D, A, B minor, G, yanazunguka mwanzo mwisho. Ni mzunguko ambao sikio la dunia nzima limeshauzoea, hauhitaji kujifunza. Mwendo ni kama mapigo 127 kwa dakika, mwendo wa kucheza, sio wa kusimama na kushika kifua. Alafu korasi, na hapa ndo utundu ulipo, silabi zake karibu zote zinaishia na vokali iliyo wazi, a, e, a. Mdomo unafunguka wenyewe. Uwanja wenye watu 80,000 una mwangwi mbaya sana, sauti ya upande ule inakufikia imechelewa, ukiimba sentensi ndefu yenye konsonanti nyingi inakuwa uji. Vipande vifupi, vokali wazi, mtu anatupa kundi linarudisha, hiyo ndo inayopona uwanjani. Na hiyo ndo dawa ile ile ya wimbo wa kutembelea wa jeshi, maana kuruta wa mbele na wa nyuma nao hawasikiani vizuri. Kwa hiyo Shakira hakupata bahati, alichukua kitu ambacho miguu ya maelfu ya watu ilishakijaribu miaka mingi kabla FIFA hawajafikiria kuleta kombe Afrika.

Watu wa Freshlyground, walioimba na Shakira kwenye wimbo huo, wanasahaulika hapa. Bendi ya Cape Town, ndani ina mtu wa Msumbiji, ina mtu wa Zimbabwe, na dada Zolani Mahola anaingia pale kati na Kixhosa chake. Bila kile kipande wimbo ungekuwa wa mgeni tupu. Na Wasauzi walinuna sana wakati ule, kombe la kwanza Afrika na wimbo anapewa Mkolombia, hata ile konseti ya tarehe 10 Juni pale Orlando Stadium, Soweto, wasanii wa nyumbani na chama chao walilalamika kwamba wamewekwa wachache. Walikuwa na haki ya kununa. Ila tuseme ukweli, FIFA ilikuwa inafanya biashara na Sony, na lebo, yaani kampuni ya muziki, inataka jina ambalo duka la Tokyo, la Mexico City na la Berlin yote yanalijua.

Jambo la vuvuzela, yale matarumbeta ya plastiki ya mashabiki, nalo nicheke kidogo. Vuvuzela inalia karibu na B flat, wimbo uko D major, hizo mbili hazipatani hata kidogo. Kwenye redio wimbo mtamu, uwanjani kwenye yale manyuki hata usingeusikia. Ulishinda nje ya uwanja, kwenye daladala, kwenye harusi, kwenye simu. Mnakumbuka Dar Juni 7 mwaka ule, Brazil walikuja wakacheza na Stars pale Taifa, wakatupiga 5-1, Jabir Aziz akatufungia letu, na mji mzima ulikuwa unaimba kama kombe liko Temeke.

Na YouTube. 2010 ndo mtandao wa video ulikuwa unapanda, watu wanajifunza kurudia klipu mara mia, na klipu ile ina Messi, Dani Alves, Márquez, Piqué, ambaye mapenzi yake na Shakira yalianzia hapo hapo na yaliyofuata mnayajua. Imeshapita mara bilioni 3 kuangaliwa. Kameruni nao walimtoa kipa wao Carlos Kameni kwenye klipu, alafu kombe lilipoanza kocha akamweka benchi, na timu ikapoteza mechi zote tatu ikarudi nyumbani ya mwisho kwenye kundi. Dunia nzima inaimba korasi yao, wao wako uwanja wa ndege.

Baada ya hapo FIFA wameendelea kujaribu. 2014 wakampa Pitbull na Jennifer Lopez na Claudia Leitte wa Brazil, na Wabrazil nao wakalalamika kwamba kipande cha kwao ni kidogo. 2018 Nicky Jam, Will Smith na Era Istrefi. 2022 Qatar wakaachana kabisa na wimbo mmoja wakatoa nyimbo kadhaa, ya kwanza ikiwa Hayya Hayya yenye Davido ndani, na baadaye Jungkook wa Korea. Sio nyimbo mbaya hizo. Tatizo ukitoa nyingi kila mtu anachukua yake, hakuna ile siku ya dunia nzima kuimba kitu kimoja. Na zimetungwa na kamati, unasikia kabisa hapa wameweka Mlatini, hapa Mwarabu, hapa Mwafrika, kama sahani ya pilau ambayo kila mgeni kaletewa kijiko chake. Ricky Martin 1998 na ile La Copa de la Vida hakuwa na kamati ya namna hiyo, alikuwa na tarumbeta na kelele moja ya ale ale ale.

Au unaenda upande wa pili kabisa kama Waingereza. Three Lions ya Euro 96 haina silabi tamu za dunia, imejaa majina na machungu yao wenyewe, ni wimbo wa kufungwa kila mwaka, na 2018 ulirudi namba moja Uingereza miaka 22 baadaye. Au mashabiki wanajiokotea wao: ule mlio wa gitaa la Seven Nation Army, wimbo wa bendi ya Marekani The White Stripes, haukutungwa kwa ajili ya mpira kabisa, mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji waliubeba baa Milan 2003, Waitaliano wakauchukua, 2006 wakabeba nao kombe. Hakuna lebo iliyopanga.

Basi tugawe soda. Wa Kiswahili anunue kreti. Wa wizi apewe nusu, maana kuna watu walichukuliwa chao bila kuulizwa mapema, ila senti walipata na majina yao yameandikwa. Wewe uliyeuliza swali kunywa mbili, na mkimaliza itafuteni ile Zangaléwa ya 1986 mwenye simu yenye bando awawekee kwa sauti, mtaona hata huyo aliyeshindwa miguu inaanza yenyewe.